Pasaka njema wapendwa, hata wewe uliyeambiwa unaongea upuzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, Bwana amefufuka! Najua saa hii wengine mko jikoni na sufuria ya pilau, wengine ndo mnatoka ibada ya alfajiri macho mekundu, popote ulipo pokea salamu za Pasaka kutoka kwangu na familia yangu hapa Mombasa.

Wacha niseme ukweli, mwaka huu Pasaka imenikuta nimechoka. Wiki nzima tumetembea nyumba kwa nyumba tukihubiri, na Alhamisi kuna baba mmoja alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, anaitikia kwa kichwa tu, mi nikajua leo samaki kaingia wavuni, nilipofika amina akaniuliza umemaliza? Nikasema ndio baba. Akasema haya nishikie huyu kuku. Nikamshika, akamfunga miguu, akapanda boda akaenda zake sokoni. Basi. Nimerudi nyumbani na manyoya kwa shati.

Sasa jana usiku nasoma Luka 24, kina mama wametoka kaburini, Maria Magdalene, Yoana, Maria mama wa Yakobo na wenzao, manukato waliyoandaa hayana tena kazi, wanawapelekea mitume habari, na mitume wanaona ni upuzi. Neno lenyewe ndo hilo, upuzi! Na walioona hivyo ni kina Petro jamani, watu waliokula naye Alhamisi. Yaani mahubiri ya kwanza kabisa ya Pasaka yalikataliwa na kanisa lenyewe, na kaburi likabaki tupu vilevile, waamini wasiamini.

Nikamkumbuka mzee Rebmann wa Rabai, yule mmisionari Mjerumani wa zamani. Tulienda na vijana wa kanisa, ni hapo juu tu ukitokea Mazeras, nyumba yake bado ipo. Alifika 1846 akamkuta mmisionari mwenzake Krapf, ambaye 1844 alikuwa ameshazika mkewe Rosine na kichanga chao hapa Mombasa ndani ya siku chache tu. Wakahubiri wee, wa kwanza kubatizwa akawa Mringe, mtu mlemavu, tena akabatizwa yuko kitandani anakata roho. Ukipata mmoja naye anakuaga! Krapf akarudi Ulaya 1853, afya imemshinda, Rebmann akabaki na waumini wa kuhesabu kwa vidole, anajifunza lugha, anaandika kamusi. Na kumbe hata wazungu wenzake walimkataa, manake 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro akaandika alichokiona, mabwana wa jiografia kule London wakamcheka, eti theluji karibu na ikweta itoke wapi, wakati wao hata huo mlima hawajauona. Imepita miaka zaidi ya 10 ndo wasafiri wengine wakaja kuthibitisha. Mwenyewe alitoka Rabai 1875, baada ya karibu miaka 29, ameshapofuka.

Lakini nisiwadanganye, si kila anayekataliwa anateswa kwa ajili ya Injili. Wengine tunakataliwa kwa sababu tumeelekeza spika dirishani kwa jirani saa 11 alfajiri na ana mtoto mgonjwa, hiyo tusiusingizie msalaba.

Kwa hiyo mwalimu wa Sunday school mwenye watoto 3, mwinjilisti unayefungiwa geti, mama unayemwombea mumeo mwaka wa ishirini huu na bado Jumapili anageukia ukutani, Mungu awape sikukuu yenye amani na chakula kitoshe na wageni.

Mi kesho Jumatatu ya Pasaka nampitia tena yule baba, mama watoto ameshanitengea bakuli la pilau nimpelekee. Ni ya nyama ya ng'ombe, kuku tumeona tumwache kwanza.

Amefufuka kweli kweli!