Kesi ya Tabata isomwe pamoja na njia ya malori

Mhariri,

Kila panapozungumzwa sheria ya mazingira, mawakili wetu hawakosi kuitaja kesi ya Tabata. Wana haki. Mwaka 1988 wakazi waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo la Jiji la Dar es Salaam lililokuwa Tabata walishtaki, wakashinda. Jiji halikuhama, likawa linarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda wa kumwaga taka palepale. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Hajapata kusikia, alisema, mamlaka ya umma ikija kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Na kuwaweka watu kwenye hatari hiyo kwa makusudi, akaongeza, ni kuwanyima haki ya kuishi iliyomo ibara ya 14 ya Katiba. Haki za Katiba zilikuwa zimeanza kudaiwa mahakamani Machi 1988 tu!

Sasa malori ya taka yalielekea wapi? Kunduchi Mtongani, eneo lililotengwa kwa makazi katika ramani ya mipango miji. Wakazi wa huko nao wakashtaki, wakashinda, na Jiji likaamriwa litafute mahali panapofaa. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Zuio la mahakama linamwokoa aliyefungua kesi. Jirani asiye na wakili anapokea mzigo.

Wapo wanaodai sheria mpya. Mimi sioni haja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamruhusu kuidai mahakamani. Kinachopwaya ni amri zinazotolewa baada ya ushindi.

Tazama Mombasa. Katika kesi ya sumu ya madini ya risasi mtaani Owino Uhuru, mwaka 2020, jaji hakuishia kwenye fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Aliagiza udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Jaji wetu naye akiamuru dampo lifungwe, aulize hapohapo taka zinakwenda kwa nani, nani amekagua mahali hapo, na apange tarehe ya Jiji kurudi mbele yake kueleza.

Msomaji wako,
Segerea, Dar es Salaam