Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: kipimo cha umeme cha matiti na siku 196 za mpwa wangu

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kutoka Newala. Ujanani niliwahi kuwa kibarua wa watu wa kutafuta maji. Kazi yangu ilikuwa kupigilia vyuma ardhini kwa mstari na kuvuta nyaya, kisha nakaa kando wakati mtaalamu anapitisha umeme kidogo kwenye vyuma viwili na kusoma kwenye vingine viwili. Udongo mkavu huukatalia umeme, wenye maji huupitisha. Kwa namba zile alijua pa kuchimba kabla jembe halijagusa ardhi. Sisi wa uwanda wa Makonde, ambao maji tunapandishiwa kwa pampu kutoka bondeni, kazi ya namna hiyo hatuisahau.

Nimeanzia huko kwa sababu kipimo ninachotaka kukuandikia kinafuata kanuni hiyohiyo. Kinaitwa upigaji picha kwa impidansi, yaani kupima jinsi mwili unavyoukinza umeme. Elektrodi ndogo, yaani vipande vya kupitishia umeme, hupangwa juu ya titi, umeme hafifu ambao mama hausikii hupitishwa, na kompyuta huchora ramani ya ndani. Mafuta ya titi huukinza umeme sana. Uvimbe wa saratani, kwa wingi wa maji yake na jinsi chembe zake zilivyobadilika, mara nyingi huupitisha kwa urahisi zaidi. Hakuna mionzi, hakuna sindano, wala titi halibanwi kati ya vibao viwili kama kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi. Mashine yake inaweza kuwa ndogo ya kubebeka, na hapo ndipo moyo wangu ulipodunda nilipoisoma habari hii, maana niliwaza zahanati zetu za Nanyumbu na Tandahimba.

Lakini nimesoma na upande wa pili, na nisingependa uje ukausikia kwa mwingine. Si jambo la jana. Mwaka 1980 mwanahisabati wa Argentina, Alberto Calderón, ndiye aliyeuliza swali lenyewe: je, ukipima umeme juu ya ngozi tu, unaweza kujua kilichomo ndani? Miaka hiyohiyo ya themanini, David Barber na Brian Brown wa Sheffield, Uingereza, wakatengeneza mitambo ya kupiga picha hizo. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho T-Scan 2000 kwa ajili ya matiti, ila kwa sharti: kiisaidie mamografia pale majibu yake yanapokuwa na utata, kisishike nafasi yake. Sababu inaeleweka kwa aliyewahi kupigilia vyuma. Umeme haupiti moja kwa moja kama mionzi, unatawanyika kila penye upenyo, kwa hiyo picha inatoka na ukungu. Uvimbe usio na madhara nao unaweza kuonekana kama saratani. Hata elektrodi isipogusa ngozi vizuri, namba zinaharibika.

Daktari, nimelazimika kuyaandika haya yote kwa sababu ya kinachofanyika mitaani. Msimu wa korosho uliopita, pesa zilipoanza kuingia, walipita vijana na kompyuta wakitangaza kipimo cha mwili mzima. Mama anashikishwa kijiti cha chuma kiganjani, dakika mbili, anatolewa karatasi yenye orodha ya magonjwa, na dawa za kununua ziko palepale mezani. Jirani yangu alirudi na karatasi inayosema matiti yake ni salama. Hakuna elektrodi hata moja iliyogusa titi lake! Kesho kikija kifaa cha kweli cha utafiti, watu watakichanganya na kile kijiti, au wenye vijiti watajificha nyuma ya jina lake. Naomba ofisi yako na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba mseme waziwazi, redioni na kwenye mikutano ya vijiji, kwamba kijiti hakioni saratani. Na wanaokitumia kuuza hofu wazuiwe.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Kwetu mjomba ndiye anayebeba jambo la namna hii, kwa hiyo karatasi zake zilikaa kwangu. Ana miaka 38, ana watoto wanne. Mwaka juzi tarehe 8 Julai alikwenda kwenye kituo cha afya na kivimbe alichokigusa akiwa anaoga. Hakikuwa kinauma. Akaambiwa ni maziwa yameganda, kwa kuwa alikuwa ametoka kuachisha mtoto, akapewa vidonge. Agosti akarudi, akapewa vidonge vilevile. Akangoja malipo ya korosho ndipo apate nauli na pesa ya altrasaundi. Tarehe 2 Desemba akakatwa kinyama cha kupima, kikasafirishwa. Majibu yalifika tarehe 20 Januari. Nimezihesabu: siku 196. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti, linataka mgonjwa awe amejua ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza. Kivimbe kilikuwa kimeshafika kwapani. Ametibiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, na yu hai, namshukuru Mungu.

Kivimbe chake kilishikika kwa vidole tangu siku ya kwanza. Hata kifaa cha picha ya umeme kingekuwepo, kingesema yaleyale ambayo vidole vilishasema, na siku zile zingebaki palepale. Ndiyo maana ombi langu kubwa ni njia: kila muuguzi na mganga wa zahanati afundishwe kupapasa titi na asiruhusiwe kumrudisha mama mwenye kivimbe na vidonge mara ya pili bila rufaa. Kwenye ukuta wa kila zahanati kibandikwe siku na mahali kinyama kinapochukuliwa, na jina la cheo cha anayewajibika majibu yakichelewa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, hapohapo ulipo, ianzie hapo.

Njia hiyo ikiwepo, basi waalike watafiti. Waje kwa kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wawapime mama zetu bure, kila picha ya umeme ilinganishwe na altrasaundi na kinyama, na majibu yarudi kwa mama mwenyewe hata yakiwa mabaya kwa kifaa. Wengi wanaougua Afrika ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya, na titi la kijana mamografia hulisoma kwa shida, kwa hiyo utafiti uliofanyika hapa una maana kwetu.

Mpwa wangu ameridhia niandike. Karatasi zake zote ninazo, zina tarehe na mihuri. Ukinipangia siku, nitashuka Mtwara nazo.

Wako,
Mjomba wa mgonjwa, Newala