Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Hadithi Fupi za China

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naridhika kusema kwamba chama hakidaiwi. Kikao kimoja kiliahirishwa kwa sababu nakala zilitoka kiwandani bila kurasa za mwisho. Nawaomba radhi.

Tulipoamua kusoma hadithi za China ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1978, baadhi yenu mlihofia tutachoshwa na siasa. Tukaishia kubishana juu ya kofia.

Mwenye kuitaka kofia hiyo ni Chen Huansheng, mkulima katika hadithi ya Gao Xiaosheng ya mwaka 1980. Nyumbani sasa chakula kinatosha, kwa hiyo anakwenda mjini kuuza vitafunio vya unga vya kukaanga apate pesa ya kofia. Homa inamwangusha stesheni. Katibu wa Chama cha Kikomunisti wa wilaya anamkuta, anampeleka kwa daktari, kisha nyumba ya wageni. Asubuhi Chen anatembea ameshika viatu mkononi, asije akachafua sakafu. Halafu anatajiwa bei: yuan 5 kwa usiku mmoja. Anapiga hesabu, anaona ujira wa siku 7 haufiki. Analipa, anarudi chumbani na viatu vyake miguuni, anajibwaga kwenye sofa kwa uzito wake wote.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alisema: "Ameshalipa, sasa ni chake mpaka atoke." Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta bei katika kila hadithi ninayosoma.

Katika hadithi ya Tie Ning ya mwaka 1982, treni inasimama kijijini dakika 1 tu. Xiangxue, ambaye mkebe wake wa kalamu, wa mbao, aliochongewa na baba yake unachekwa shuleni, anatoa mayai 40 apate mkebe wa plastiki wenye sumaku. Treni inaondoka naye. Anarudi usiku kwa miguu, kilomita 15. Naona hadithi hii inaipenda treni kupita kiasi, lakini yale mayai 40 siyasahau.

Zote tulizisoma kwa Kiingereza, na hilo linanisikitisha. Tunao wanachama wawili waliosoma Kichina. Napendekeza mwaka ujao watufasirie hadithi moja kutoka Kichina moja kwa moja hadi Kiswahili, na chama kiwanunulie kamusi. Tutapiga kura leo, baada ya chai.