Malalamiko kuhusu ekzosi ya lori la Bedford

Mmiliki wa lori,
Nkuhungu, Dodoma.
9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Karakana ya Magari Makubwa,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA KUINUA EKZOSI YA LORI AINA YA BEDFORD MJ

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwezi uliopita niliwakabidhi lori langu aina ya Bedford MJ, ambalo lilikuwa la jeshi la Uingereza kabla ya kuuzwa kwa raia, ili ekzosi yake iliyokuwa ikipita chini ya gari muiinue isimame nyuma ya kabini. Kazi hiyo mliikubali kwa maandishi katika profoma yenu (makadirio ya kazi na bei) ya shilingi 1,850,000, nami nikalipa fedha yote na kupewa risiti ya EFD. Ninaandika kwa sababu kilichofungwa kwenye gari sicho kilichoandikwa katika profoma, na kwa sababu jibu nililopewa na msimamizi wenu nilipolirudisha gari, kwamba "gari lenyewe la zamani, mzee, hayo ndiyo magonjwa yake," siwezi kulikubali.

Lori hili hubeba mabomba, pampu na mafundi wa visima kwenda vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga hujaa kwenye sailensa ya chini hadi ikaziba, na kiangazi, majani yakishakauka, ekzosi ya moto inayogusa nyasi wakati gari limesimama porini injini ikiunguruma ni hatari ambayo hakuna mwenye shamba atakayemsamehe aliyeileta. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kutaka moshi utoke juu ya paa. Urembo sikuutaka, na mngurumo wa kutisha watu barabarani sikuutaka pia. Fundi wenu mkuu alinisikiliza vizuri, na mwenyewe akaandika katika profoma kwamba sailensa ya asili itabaki, kwamba kati ya injini na bomba la kusimama patafungwa fleksibo (kipande cha bomba kinachoweza kujipinda), kwamba bomba litashikwa kwenye chesisi peke yake, na kwamba upande wa bodi patawekwa wavu wa kuzuia joto. Katika hayo manne, hakuna hata moja lililotekelezwa.

Ninaanza na fleksibo, kwa kuwa ndiko yalikotokea madhara makubwa. Lori la jeshi la magurudumu manne yenye nguvu limeundwa ili chesisi yake ijipinde gari linapovuka korongo, gurudumu moja likiwa juu na jingine shimoni. Kabini na bodi vimefungwa kila kimoja kivyake juu ya chesisi hiyo, na ukisimama pembeni gari likipita mahali pabaya utaona kwa macho pengo kati ya kabini na bodi likifunguka na kujifunga. Ninyi mmechukua bomba gumu, mkalichomelea moja kwa moja kutoka kwenye flanji (bamba la kuungia bomba) iliyo chini ya turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, kisha mkalikaza kwa klampu mbili, ya chini ikiwa kwenye chesisi na ya juu ikiwa kwenye ukuta wa kabini. Maana yake ni kwamba kila kabini inapoyumba, inalivuta bomba, na bomba linaivuta turbo. Zaidi ya hapo, chuma kikipata joto hurefuka: mita moja ya chuma cha kawaida huongezeka takribani milimita 1.2 kwa kila nyuzi 100 za joto, hivyo bomba refu linalopitisha moshi wa injini ya dizeli iliyobeba mzigo hurefuka kwa milimita kadhaa na kusinyaa tena linapopoa. Pasipo fleksibo, urefu huo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye maungio.

Nao umekwenda huko. Tulipokuwa tukirudi kutoka Mpwapwa, weldi ya kwanza juu ya flanji ilipasuka nusu ya mzunguko wake. Injini ya Bedford hii, kama mnavyojua, haiko mbele ya dereva bali iko nyuma ya viti, ndani ya kabini, ikifunikwa kwa vifuniko tu. Moshi uliotoka kwenye ufa huo uliingia walipokaa watu. Dereva aliona masizi yakichora mstari mweusi juu ya kifuniko kabla hajasikia harufu, na kijana aliyekaa naye alikuwa ameanza kulalamika kichwa kinamuuma. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala safarini hawezi kujua kwamba anaivuta. Walifika wakiwa wamefungua milango, jambo ambalo kwa vumbi la kiangazi cha huku ni adhabu ya aina yake.

Jambo la pili linanishangaza zaidi, kwa sababu halihitaji vipimo wala elimu ya chuma. Kwa kuwa injini iko nyuma ya viti, waliounda gari hili waliweka milango midogo ubavuni mwa kabini ili fundi aifikie injini kutoka nje. Bomba lenu limepita katikati ya mlango mmojawapo. Mlango hufunguka kiasi cha kuingiza vidole, kisha unagonga bomba. Ili fundi wangu aguse upande huo wa injini, inabidi kwanza afungue ekzosi yote, ambayo nayo mmeichomelea mahali palipostahili boliti. Mtu aliyefunga bomba hilo hakujaribu kuufungua mlango huo hata mara moja kabla ya kulikabidhi gari.

Kona za bomba nazo hazikukunjwa kwa mashine bali zimekatwa kwa pembe na kuungwa, na ndani ya kila muungo kuna mabonge ya weldi ambayo kidole kinayahisi. Moshi ukishatoka kwenye turbo unahitaji njia nyeupe. Ukibanwa, turbo inapungua kasi, hewa inayosukumwa kwenye silinda inapungua, na dizeli haiungui yote. Tangu kazi hii ifanyike, lori linatoa moshi mweusi kwenye kila mlima na limepoteza nguvu hata likiwa tupu. Wavu wa kuzuia joto haupo, na turubai la mbele limeungua tundu linaloweza kupitisha kiganja. Kuhusu makelele nitasema kwa ufupi tu kwamba sailensa ya asili mmeitoa na kuweka kopo dogo lisilozuia chochote, na dereva amekwishasimamishwa na askari wa usalama barabarani kwa ajili hiyo.

Sasa kuhusu uzee wa gari. Ni kweli Bedford hazitengenezwi tena, na sijawahi kudai kwamba langu ni jipya. Lakini flanji ya zamani, ile iliyokuja na gari, haijapasuka. Kilichopasuka ni weldi yenu juu yake. Mlango wa ubavuni haukuzuiwa na uzee. Fleksibo haikukosekana kwa sababu ya uzee. Kama gari lilikuwa chakavu kiasi cha kutofaa kwa kazi hii, mahali pa kusema hivyo palikuwa kwenye profoma, kabla hamjapokea fedha.

Kwa hiyo ninaomba mfanye yafuatayo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Mlifungue bomba lote na kulifunga upya kwa gharama zenu kama profoma inavyoeleza, yaani kwa fleksibo, wavu wa joto, na vishikizo vya chesisi pekee, tena likiwa na kona zilizokunjwa na limehamishwa kutoka kwenye mlango wa injini. Turbo ikaguliwe mbele ya fundi wangu kabla ya bomba jipya kufungwa, na turubai lilipwe. Sailensa ya asili irudishwe ikiwa nzima. Nimeuliza ilipo na sijajibiwa, nami ningesikitika kusikia kwamba imekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwani kupata nyingine ya gari hili si jambo la kwenda dukani. Ikiwa hamko tayari kufanya hivyo, nirudishiwe shilingi 1,850,000 ili nipeleke kazi kwingine.

Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, ambayo pia hulinda walaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nimeambatanisha nakala ya profoma, nakala ya risiti, na picha za ufa, mlango uliozuiwa na turubai lililoungua. Lori limeegeshwa nyumbani na halitapakia watu katika hali hii. Fundi wenu anaweza kuja kuliona asubuhi yoyote ya siku ya kazi.

Ndimi,

Mmiliki wa lori