Vyombo Vidogo Vikutane Mtera

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba habari za ngalawa na mashua ni za watu wa pwani, na kwamba sisi wa Dodoma, ambao mvua yetu huja miezi michache tu kwa mwaka, tuwaachie wenyewe. Mwaka juzi ningekubaliana naye bila kusita. Septemba iliyopita, hata hivyo, nilikaa siku nne katika mkusanyiko wa vyombo vidogo vya tanga na vya makasia huko pwani ya Tanga, na nilirudi na jambo ambalo naamini linatuhusu sisi wa mikoa ya kati zaidi hata ya wenyeji wake.

Nilialikwa na shemeji yangu, ambaye ni fundi wa vyombo, nami nikadhani nakwenda kutazama mashindano. Hapakuwa na mshindi wala zawadi. Palikuwa na vyombo visivyozidi thelathini, vingi vikiwa ngalawa, pamoja na mashua chache, mitumbwi ya kafi na boti kadhaa za makasia zilizoletwa na wageni, na shughuli yote ilikuwa kusafiri pamoja kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, kupika, kulala mchangani, na kesho yake kuanza tena. Mtu aliyezoea michezo ya kushindana anaweza kuuliza faida yake ni nini. Faida niliiona asubuhi ya kwanza, chini ya mkungu, pale mzee mmoja nahodha alipotukusanya na kutueleza maji yatajaa saa ngapi, upepo utageuka saa ngapi, miamba iko wapi, na ni ufuko upi wa kukimbilia iwapo hali itaharibika kabla hatujafika. Kisha akahesabu watu, chombo kwa chombo, na kuandika katika daftari la shule. Jioni aliwahesabu tena, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula kabla hesabu ya jioni haijalingana na ya asubuhi.

Nilijifunza pia jinsi vyombo vya aina tofauti vinavyoweza kwenda safari moja. Wapiga makasia waliondoka alfajiri, wakati wa umande, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu, kwa sababu bahari ikiwa imetulia kasia halipotezi nguvu. Wenye matanga walisubiri mpaka jua lilipoipasha nchi moto na upepo wa baharini kuanza kuvuma. Siku ya pili upepo ulitukabili usoni, na hapo niliona kazi niliyokuwa sijawahi kuifikiria. Ngalawa haiwezi kwenda moja kwa moja kuufuata upepo unakotoka, bali hubisha, yaani huenda upande huu kisha upande ule, na kila inapogeuka, foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, hupitishwa mbele ya mlingoti na kuhamishiwa upande wa pili, huku kijana mmoja akikimbilia kwenye matengo, ile miti inayotokeza pembeni mwa ngalawa, ili kuzuia chombo kisilale. Boti za makasia zilitupita polepole zikiwa zimenyooka. Mzee aliniambia, "Mwalimu, wala usione haya. Kesho upepo ukitoka nyuma, wao ndio watakaotutazama." Na ndivyo ilivyokuwa.

Lakini lililonifanya niandike barua hii lilitokea mchana wa siku ya tatu. Vijana walipewa majaketi okozi, wakaingia katika maji yanayofika kifuani, wakaambiwa wapindue mtumbwi kwa makusudi. Kila mmoja, bila kuambiwa, alianza kuogelea kuelekea ufukoni. Mzee aliwaita wote wakarudi, akawapa kanuni moja tu: usikiache chombo. Mbao huelea hata ikijaa maji, alisema, na mtu aliyeshika mbao huonekana kutoka mbali, ilhali kichwa peke yake katikati ya mawimbi hakionekani. Walirudia zoezi hilo mara tano au sita, wakajifunza kushika ubavu wa mtumbwi kila mmoja kwa upande wake, kuitana majina, kuugeuza, na mmoja kuingia kufua maji huku wengine wakiuweka sawa.

Mheshimiwa Mhariri, nilikaa mchangani nikalia, na sioni sababu ya kuficha. Kabla ya kustaafu nilifundisha miaka sita katika shule moja iliyo jirani na Bwawa la Mtera, na katika miaka hiyo nilimzika mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa akimsaidia baba yake mdogo kutega nyavu. Upepo wa alasiri uliupindua mtumbwi wao. Baba mdogo, ambaye hakujua kuogelea, aliung'ang'ania kwa sababu hakuwa na la kufanya, na jioni aliokotwa akiwa hai. Kijana, ambaye alijua kuogelea na alisifiwa kwa hilo, aliuacha mtumbwi ili aende kutafuta msaada nchi kavu. Miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi wangu kwamba alikosa bahati. Kumbe alikosa somo la nusu saa, na mimi mwalimu wake sikuwa nalo la kumpa.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mambo haya ni ya pwani. Mtera likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Lilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya kuendesha mitambo ya Kidatu, na tangu mwaka 1988 lina mitambo yake yenyewe ya megawati 80, kwa hiyo wengi wetu tunalijua kwa habari za umeme tu, tunapolitazama kwa dakika chache basi linapovuka kuelekea Iringa. Wavuvi wanaloingia kila siku wanalijua kwa namna nyingine. Asubuhi maji yake hutulia kabisa. Ifikapo mchana, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, upepo wa kusini mashariki unaoijaza Dodoma vumbi hulifikia na bwawa, na kwa kuwa sehemu kubwa si za kina kirefu, mawimbi yake huwa mafupi, ya karibu karibu na yenye kupanda wima, ambayo mtumbwi wenye kingo fupi huyameza haraka. Kina cha maji nacho hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kati ya masika na kiangazi, kiasi kwamba visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa, ambavyo jana vilikuwa chini kabisa, leo vinaweza kukutoboa. Mahali kama hapa panahitaji elimu ya chombo kidogo kuliko ghuba nyingi nilizopita Tanga.

Ninachopendekeza ni mkusanyiko wa siku tatu hapo Mtera, wa mitumbwi ya wavuvi wa pande zote mbili, ya Dodoma na ya Iringa, pamoja na mafundi mbao wanaoiunda na mabaharia wachache wa pwani wanaoweza kualikwa kuja kufundisha. Asubuhi watu wasafiri pamoja kwa makasia na matanga wakati maji yametulia. Mchana, upepo ukianza, vyombo vyote viwe nchi kavu, na hapo ndipo mafundi waonyeshe namna ya kuziba nyufa, kuongeza kingo na kufunga chini ya viti madumu matupu ya plastiki yaliyozibwa vizuri, ili mtumbwi ukijaa maji uendelee kubeba watu. Kuhesabiwa asubuhi na jioni kuwe sharti lisilo na msamaha.

Najua nitaulizwa kuhusu mamba na viboko, na swali hilo ni la haki. Zoezi la kupindua chombo lisifanyike ndani ya Mtera hata kidogo. Lifanyike siku moja kabla, katika bwawa la kuogelea mjini Dodoma, kwa kutumia mtumbwi mmoja utakaobebwa na gari. Kwa habari ya mamba, kanuni ya yule mzee inapata uzito zaidi, kwa kuwa anayepanda juu ya chombo kilichopinduka anakuwa na sehemu kubwa ya mwili nje ya maji, kuliko anayekata mbizi na kupiga miguu kuelekea kwenye matete. Njia za kupita wachague wavuvi wenyewe, maana wanajua viboko hulala wapi na hutoka saa ngapi.

Nitaulizwa pia kuhusu fedha. Huko Tanga kila chombo kilikuja na chakula chake, na gharama kubwa iliyobaki ilikuwa majaketi okozi, ambayo yalikodishwa na kurudishwa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo limepewa dhamana ya usalama wa vyombo vidogo, pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanaweza kuombwa watume wakufunzi, na naamini watafurahi kuwakuta wavuvi wengi mahali pamoja badala ya kuwafuata mwalo kwa mwalo. Mikusanyiko ya namna hii si lazima ianze mikubwa. Ule wa vyombo vya mbao wa Port Townsend, Marekani, ulioanza mwaka 1977, leo huwavuta watu kutoka mbali, lakini kwangu mimi mitumbwi kumi yatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu tarehe, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama, na wakati huo barabara ya Mtera ni kavu na mavuno mengi yameshaingia ghalani. Nimekwisha kuzungumza na wazee wawili wa mwalo mmoja upande wa Mpwapwa, na wamesema watakuja na mitumbwi mitatu. Shemeji yangu ameahidi kusafiri kutoka Tanga akiwa na zana zake. Iwapo kuna msomaji mwenye mtumbwi, randa, au majaketi yaliyolala stoo, naomba aandike kupitia gazeti lako, nami nitakuja kuzichukua barua hizo kila Ijumaa. Daftari la kuhesabia watu nimeshalinunua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.