Barua ya Wazi kwa Wachongaji Vijana wa Mwanza

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Majuzi nilinunua karanga hapa Igogo, na nilipokunjua karatasi iliyofungiwa nikakuta mwandiko wa fundi wetu tuliyemzika mwaka jana: vipimo vya ngoma, mchoro wa patasi, na maelezo yaliyokatika katikati kuhusu namna ya kukausha gogo la mninga kivulini ili lisipasuke. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba madaftari yake yaliuzwa kwa kilo, na kwamba walioyauza ni ninyi, mliofundishwa kazi naye.

Msiniambie kwamba kalamu si ya mchongaji. Benvenuto Cellini, aliyezaliwa Florence, Italia, mwaka 1500, alikuwa sonara na mchongaji wa sanamu, na alipokaribia umri wa miaka 60 alianza kusimulia maisha yake huku kijana mmoja akiandika na yeye akiendelea na kazi. Tabia yake siisifii, kwa kuwa alikuwa mgomvi na aliua watu. Hata hivyo, ni kwa maneno yake tunajua jinsi sanamu yake ya shaba ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki, iliyozinduliwa mwaka 1554, ilivyonusurika wakati wa kumiminwa: paa la karakana lilishika moto, homa ikamwangusha kitandani, shaba ikaanza kuganda tanurini, naye akaamka, akaagiza kuni kavu za mwaloni, kisha akatumbukiza sahani na vyombo vya bati vya nyumbani kwake, vipatavyo 200, mpaka shaba ikatiririka na kujaza kalibu. Mwaka 1568 alichapisha pia maandiko yanayoeleza ufundi wa usonara na wa uchongaji. Alifariki mwaka 1571, na kitabu cha maisha yake kikachapishwa mwaka 1728. Hebu fikirini, wanangu, ni mikono mingapi iliyozitunza karatasi zile kwa miaka yote hiyo, ilhali ninyi mlishindwa kutunza za mwalimu wenu hata mwaka mmoja.

Lawama haiishii kwenu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikakaa bila kuchapishwa mpaka ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Sisi wazee tuliyaona hayo na hatukujifunza. Tunanunua vinyago, tunavipanga sebuleni, wala hatuulizi jina la aliyechonga.

Basi tieni majina yenu chini ya kila kazi, pamoja na mwaka na aina ya mti. Msichonge mti mbichi kwa haraka ya mteja. Asiyejua kuandika vizuri asimulie, na mwenzake aandike.

Mwenye daftari la marehemu, hata lililochanika, alilete kwangu. Sitamuuliza alilipataje, na nitamlipa zaidi ya muuza karanga. Tutayanakili pamoja jioni baada ya kazi, maana mwandiko wake ulikuwa mgumu, na tunaoweza kuusoma tumebaki wachache.