Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mji Unapoingia Shambani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, naomba kuwasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Hesabu za fedha na idadi ya wanachama wapya mtazipata kwa mweka hazina na katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililotukutanisha tangu mwanzo, yaani namna miji midogo inavyotanuka na kumeza mashamba yanayoizunguka.

Wengi wetu tulipojiunga tuliamini kwamba hatari ni mradi mkubwa utakaokuja siku moja na matingatinga yake. Mwaka huu nimeona vingine. Mji mdogo haumezi mashamba kwa mkupuo mmoja. Huanza kando ya barabara, kwa kuwa ndiko yaliko maji ya bomba na nguzo za umeme. Nyumba hujipanga mstari mmoja kila upande, na shamba lililo nyuma yake hubaki bila njia ya kupitisha trekta wala mifugo. Mwenye shamba hilo, akiona kulima kumekuwa taabu na dalali kila wiki yuko mlangoni, naye hukata viwanja. Hakuna kikao kilichowahi kuketi kuamua kwamba bonde lote lijengwe, lakini bonde huisha.

Katika ziara mojawapo ya kamati tulisimama katika shamba ambalo mawe ya mipaka yalikuwa yamesimikwa katikati ya mazao yasiyovunwa bado. Jiwe moja lilikuwa ndani kabisa ya mkondo unaoteremsha maji ya mvua kutoka kilimani, na katika ramani ya upimaji tuliyoonyeshwa mkondo huo haukuchorwa. Atakayenunua kiwanja hicho atakuja kukikagua wakati wa kiangazi, ataona ardhi kavu na tambarare, atachimba msingi. Mvua zitakaponyesha, maji yatafuata njia yake ya siku zote au yatahamia kwa jirani. Udongo uliofunikwa kwa paa, saruji na lami haunywi maji tena, na kuurudisha si kazi ya kizazi kimoja, maana sentimita 1 tu ya udongo wa juu huchukua mamia ya miaka kufanyika. Nakiri kwamba siku ile niliondoka pale nikiwa na uchungu.

Hatusemi watu wasijenge. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, asilimia 55 ya watu duniani walikuwa wakiishi mijini, na ifikapo mwaka 2050 watakuwa asilimia 68. Karibu nusu ya wakazi hao wa mijini wamo katika miji yenye watu wasiofika 500,000, ambayo mingine haina hata mpimaji mmoja wa kudumu, wala mpango wa matumizi ya ardhi unaokwenda na wakati. Watu hao wanahitaji nyumba. Tunachouliza ni wapi zijengwe, na nani aamue kabla ya nani.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1935 kuzuia nyumba kujipanga kando ya barabara kuu. Jimbo la Oregon nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1973, liliutaka kila mji, hata ule mdogo kabisa, uchore mpaka wa ukuaji wake, ndani yake mkiwa na ardhi ya kutosha mahitaji ya miaka 20, na nje yake kilimo na misitu vikapewa ulinzi. Mwaka 2012 wapiga kura wa Uswisi waliamua kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Mipaka ya namna hii ina gharama zake: ukibana ardhi bila kuruhusu nyumba zaidi ndani ya mji, bei hupanda, na wenye kipato kidogo husukumwa kuvuka mpaka wakaishi mbali zaidi. Kwa hiyo mimi binafsi siungi mkono mpaka wowote usioambatana na ujenzi katika viwanja vitupu vilivyomo mjini, ambavyo wenyewe wamevishikilia wakingoja bei ipande.

Sasa nirudi kwetu. Mapingamizi yetu ya mwaka huu dhidi ya mashamba kukatwa viwanja, karibu yote, yalifika mezani wakati upimaji umekwisha na wanunuzi wameshalipa. Ofisi moja ilitujibu kwamba tumechelewa, na ingawa jibu lile lilituumiza, lilikuwa la kweli. Tulikuwa tukikimbilia kila kiwanja kinapouzwa, ilhali mlango wa kuingilia ni pale mpango wa mji unapoandaliwa au kupitiwa upya.

Kamati inapendekeza, basi, kwamba nguvu zetu za mwaka ujao zielekezwe katika kuchora, pamoja na wakulima na wafugaji wenyewe, mikondo ya maji, mapito ya mifugo na maeneo yenye udongo mzuri, ili michoro hiyo ifikishwe kwa mamlaka ya mipango kabla mawe hayajasimikwa. Wazee wanaojua maji yalipita wapi katika mvua kubwa zilizopita tuanze nao. Naomba mkutano ulijadili pendekezo hili na kulipigia kura leo.

Mwenyekiti